Domomwiko wa Huang Liu-hsi

Kwa miezi ishirini na sita Yeh Tsung-pin alijaribu kumshukuru Huang Liu-hsi, na kila alipojaribu alirudi nyumbani na mzigo mkubwa kuliko ule aliokwenda nao. Mara ya kwanza alipeleka kasha la matofaa. Akapewa mwatiko wanne, kila mmoja wa kilo na robo. Aliona samaki wanne wa namna hiyo wanazidi matofaa, kwa hiyo wiki iliyofuata akapeleka masanduku mawili ya keki za nanasi. Akarudi na ndoo ya chaza waliokwisha kutolewa maganda, kazi inayomla mtu asubuhi nzima. Baridi ilipoingia akapeleka shali ya sufi. Siku hiyo alipewa jozi mbili za mayai ya mkizi yaliyokaushwa juani, kitu ambacho watu huwapelekea mabosi na madaktari mwaka mpya ukikaribia.

"Ukiendelea kumshukuru hivi," mkewe Hsueh-o alimwambia, akiyapanga mayai yale kwenye friji, "utamfilisi mama wa watu."

Tsung-pin hakucheka. Alikuwa amepima ardhi ya serikali kwa miaka thelathini na minne, na kwake mzunguko wa vipimo usiorudi pale ulipoanzia ni kazi ambayo haijaisha.

Jambo lenyewe la kushukuriwa lilikuwa hili. Novemba ya mwaka juzi alikuwa amesimama peke yake kwenye tuta la bwawa la Huang, huko Qigu, lenzi yake kubwa ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, akiwapiga picha ndege domomwiko waliolala upande wa pili wa maji. Saa moja na dakika arobaini asubuhi mkono wake wa kushoto ulikataa kupanda. Baada ya dakika moja mguu nao ukakataa. Akaanguka, stendi ikaanguka naye, na lenzi ikaenda majini. Liu-hsi, aliyekuwa ng'ambo akitengeneza pampu, hakumwona akianguka. Aliona tu kwamba ule mzinga wa lenzi aliouzoea kuuona juu ya tuta haupo. Akalizunguka bwawa kwa miguu, mwanamke wa miaka sabini, akamtazama usoni, akaona mdomo umekwenda upande. Akamburuta mpaka kwenye pikapu yake, akamlaza nyuma katikati ya makreti ya samaki, akaendesha bila kusimama hadi hospitali. Daktari alisema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa zake, na kwamba mgonjwa amefika ndani ya saa hizo.

Mkono ulirudi, ingawa si wote. Vidole vya kushoto vilibaki na mtetemo mdogo, na lenzi kubwa, hata ingetolewa majini ikiwa nzima, asingeweza tena kuibeba. Akanunua lenzi ya kuvuta, nyepesi kwa zaidi ya kilo moja, yenye mkanda mpana wa mpira ambao mtu akiuzungusha humleta ndege karibu au humrudisha mbali. Msichana wa mazoezi ya viungo hospitalini alikuwa amemwagiza azungushe kitu kwa vidole vya kushoto mara mia mbili kwa siku. Tsung-pin alizungusha lenzi.

Wenzake wa tutani, wastaafu watano wenye mizinga, aliowahi kuwafundisha kupiga picha, hawakumwacha salama.

"Mwalimu Yeh kashuka cheo," alisema Lo Kuo-jung, mfamasia wa zamani mwenye tumbo lililomtangulia kila mahali. "Katoka kwenye mzinga kaingia kwenye bastola."

"Bastola hubebeka," Tsung-pin alijibu.

"Kwa wezi, ndiyo."

Februari iliyofuata, Liu-hsi alimkuta domomwiko mmoja amelala kwenye tope la bwawa lake, shingo imelegea, hawezi hata kuinua ule mdomo wake mrefu uliochongwa kama mwiko wa kusongea. Ni sumu inayoota kwenye matope yenye mizoga. Ndege akiila hupooza kuanzia shingoni. Liu-hsi alimweka nyuma ya pikapu ile ile, katikati ya makreti yale yale, akampeleka kwenye kituo cha kutibu wanyama wa porini. Mguu wa kulia wa ndege yule ulikuwa na pete nyekundu iliyoandikwa K94, aliyovishwa akiwa kinda katika kisiwa kimoja cha Korea. Baada ya wiki tatu alipona, akaachiwa bwawani kwa Liu-hsi, na mwezi wa tatu akaondoka kuelekea kaskazini pamoja na wengine.

Oktoba wengine walirudi. K94 hakuonekana.

"Mwalimu," Liu-hsi alimwambia Tsung-pin siku moja ya mwezi huo, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, "wewe si kutwa unatazama miguu ya ndege? Ukimwona yule wangu, niambie."

Hajawahi kumwomba kitu kingine, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Tsung-pin alirudi nyumbani akijua ameonyeshwa njia. Hapo palikuwa na kitu kimoja ambacho mama yule hakuwa nacho ghalani, na ambacho asingeweza kukilipa kwa samaki.

Tatizo ni kwamba domomwiko akisimama majini, pete huzama au hupakwa tope. Akilala, huukunja mguu tumboni. Akiruka tu ndipo miguu yote miwili hunyooka nyuma, na pete husomeka, ikiwa yuko karibu na mpiga picha anajua anachofanya. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari Tsung-pin alisoma pete thelathini na saba za ndege walio angani. Hakuna iliyokuwa ya K94.

"Mwambie yupo," Lo alimshauri. "Domomwiko wote wana uso mmoja. Nani atabisha?"

"Mimi."

"Wewe ungekuwa padri, watu wangekufa bila kuungama. Wangeona aibu kukuletea dhambi zisizo na tarehe."

Januari Liu-hsi alivuna mwatiko wake, akayashusha maji ya bwawa mpaka yakafika katikati ya muundi. Wenye mabwawa wengine hukausha moja kwa moja ili tope lipate jua kabla ya vifaranga vipya vya samaki. Yeye, kila mwaka, huyaacha maji hayo machache kwa siku kumi, pamoja na samaki wadogo na kamba waliobaki, ili ndege wapate kula. Mwaka huu siku ya kumi ingekuwa Alhamisi. Baada ya hapo bwawa lingekuwa tope kavu, na ndege wangetawanyika pwani yote.

Jumatatu watu sita walikuwa tutani tangu alfajiri. Domomwiko zaidi ya mia moja walikuwa wakifagia maji, midomo kushoto na kulia. Ilipokaribia saa mbili, mmoja wao aliruka, akageuka na upepo, akaja moja kwa moja kuwaelekea. Mizinga mitano ilimfuata mpaka mita ishirini, kisha ikashindwa: kwa umbali huo huonyesha jicho na nusu ya mdomo, na haina namna ya kurudi nyuma. Tsung-pin alikuwa na namna. Aliuzungusha mkanda, ndege akaenea wote kwenye picha, bawa hadi bawa, akapita juu ya vichwa vyao kwa mita saba. Mguuni palikuwa na kitu chekundu.

Lenzi haikushika. Ilikwenda mbele, ikarudi, ikaenda mbele tena, ikitafuta kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani. Alipotazama nyuma ya kamera alikuta picha kumi na moja, zote ukungu mtupu. Katika moja tu herufi na tarakimu zilikisiwa: K, kisha nane au tisa, kisha nne. Mguu wa pili, wenye pete ndogo za rangi ambazo zingemaliza ubishi, ulifichwa na mkia.

Alijua sababu kabla hajaitazama. Ubavuni mwa lenzi kuna swichi ndogo. Ikisukumwa upande mmoja, lenzi haihangaiki na chochote kilicho karibu kuliko mita kumi, na kwa hiyo haipotezwi na nyasi na matete ya mbele. Kila mtu pale tutani huisukuma upande huo asubuhi na kuisahau, kwa sababu ndege huwa mbali. Tsung-pin mwenyewe, katika darasa la jioni alilowafundisha wastaafu wenzake, aliiandika ubaoni kama kanuni ya pili. Ndege alikuwa amekuja mita saba, na kanuni ya pili ilikuwa kazini.

Liu-hsi alikuja akitembea juu ya tuta, kofia yake ya majani imefungwa kwa kitambaa cha maua chini ya kidevu.

"Nimemwona mwenye nyekundu. Ni yeye?"

Tsung-pin alimpa kamera. "Ya kati ni nane au tisa."

"Ni tisa."

"Dada, huwezi kusema ni tisa."

"Wewe unaona nane?"

"Sioni kitu. Ndiyo maana."

"Mpe tisa mama wa watu," Lo alidakia. "Tisa inakugharimu nini?"

"Muache," Liu-hsi alisema. "Huyu angepima shamba la marehemu babako, angekuambia limepungua, tena siku ya matanga." Akairudisha kamera. "Sasa kwa nini hukumpata? Si alikupitia puani?"

Tsung-pin alimweleza habari ya swichi, kwa ukamilifu, bila kujipunguzia. Liu-hsi alisikiliza, kisha akacheka mpaka akaishika kofia.

"Yaani alikuwa karibu mno! Miaka mingapi mnakuja hapa kulalamika ndege wako mbali, na siku akija karibu mmefunga mlango!"

Wastaafu sita walitazama viatu vyao. Mmoja aliisukuma swichi yake.

"Ndege hawa wanaiogopa hiyo miguu yenu mitatu," Liu-hsi aliendelea. "Mimi nikiwa chini na wavu wananipita hapa." Aligusa bega lake. "Mwalimu, kesho asubuhi njoo na mabuti ya mpira yanayofika kifuani. Hawa wenzako wabaki juu, wachunge magari."

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, Tsung-pin alikuwa ndani ya bwawa kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya kulitazama. Tope lilimshika miguu kwa nguvu kuliko alivyokadiria. Liu-hsi alimvika kofia ya majani ya akiba na kitambaa cha maua, akakifunga mwenyewe chini ya kidevu chake, kwa nguvu.

"Usicheke."

"Sijacheka."

"Najua. Nawaambia wale." Kule juu, Lo alikuwa ameinama kabisa, mikono magotini, mabega yanaruka.

Kisha Liu-hsi akampa masharti. Kamera ikae ndani ya mfuko mtupu wa chakula cha samaki, itoke lenzi peke yake. Asimtazame ndege usoni. "Na usisimame wima. Ukisimama wewe ni mtu. Ukitembea umeinama, wewe ni mimi."

Naye Tsung-pin alikuwa na masharti yake, aliyojiwekea usiku uliotangulia. Swichi ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa plasta ya kidonda ili isisogee. Kasi ya kamera aliiweka kwenye sehemu moja ya elfu tatu na mia mbili ya sekunde, na kama mwanga wa asubuhi ungekuwa haba, basi picha zitoke na chembechembe, hilo lilivumilika. Kwa kasi hiyo bawa linalopiga husimama kama limechongwa, na mkono unaotetemeka husimama nao. Kamera haina namna ya kujua kama aliyeishika ni mzima au mgonjwa. Sharti la tatu lilikuwa la lenzi ya kuvuta yenyewe, na wenye mizinga hawalijui kwa sababu hawalihitaji: anza na upana. Anayevuta mapema humtafuta ndege kwenye anga tupu. Kwanza mpate akiwa mdogo, mfuate, ndipo uvute pole pole huku unapiga.

Walivuta wavu, yeye upande mmoja, Liu-hsi upande wa pili, wakikusanya samaki wakubwa waliokwepa mavuno. Domomwiko waliwapisha bila haraka. Kila wavu ulipowakaribia waliruka kumi kumi, wakapita pembeni, wakatua nyuma yao na kuendelea kufagia tope lililotibuliwa. Walipita karibu kiasi kwamba Tsung-pin alisikia manyoya yakikata hewa, mlio mkavu kama wa mtu anayekunjua shuka. Miaka kumi na moja hakuwahi kujua kwamba wana mlio huo.

"Piga basi," Liu-hsi alinong'ona. "Wavu nitaushika mimi."

Alipiga. Saa moja na dakika kumi na nne kundi la ndege sita au saba liliruka kutoka kulia kwake, na mmoja alikuwa na nyekundu mguuni. Alimpata akiwa mdogo, akamfuata, vidole vya kushoto vikauzungusha mkanda, kama vilivyofanya mara mia mbili kwa siku kwa miaka miwili, na ndege akakua mpaka akajaa. Safari hii lenzi ilimshika na haikumwachia. Ndege alipotua, Tsung-pin aligeuka, akakitia kivuli kioo cha kamera kwa kofia, akatazama.

Pete ilisomeka kama kibao cha gari.

Alitembea kwenye tope mpaka alipokuwa Liu-hsi. Hakutaka kulisema kwa mbali.

"Dada. Ni nane."

Liu-hsi aliendelea kuushika wavu. "Una hakika?"

"Nina hakika. K84."

"Yule wa jana ndiye huyu?"

"Yawezekana. Sina ushahidi wa jana."

Mama yule alitazama maji. Samaki mmoja aliruka ndani ya wavu, akatulia.

"Mzima lakini, huyu?"

"Mzima kabisa."

"Haya. Na ale." Akaanza tena kuvuta, naye Tsung-pin akarudi kushika upande wake. Walikuwa wamekwenda hatua kama ishirini Liu-hsi alipoongeza: "Umefanya vizuri kutonidanganya. Nimefika umri ambao watu wananipa maneno laini, kama uji wa mgonjwa. Meno bado ninayo."

Walipotoka bwawani alimpa mwatiko watano. Tsung-pin alijaribu kukataa, kwa hoja kwamba siku hiyo hakuleta kitu isipokuwa habari mbaya na mikono miwili, mmoja wao mbovu. Liu-hsi aliuweka mfuko kwenye kiti cha mbele cha gari lake na kuufunga mkanda.

Saa nane mchana aliketi mbele ya kompyuta kuchambua. Zilikuwa picha elfu moja mia tisa na kumi na nne. Alizichambua kwa kanuni ambazo hajawahi kuzivunja: jicho lenye ukungu, futa, mdomo uliokatwa, futa, bawa lililotoka nje ya picha, futa. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya tangawizi na tumbo la mwatiko likichemka kwenye uji wa wali. Alifuta mia tatu, akafuta mia sita.

Alipofika kwenye zile za saa moja na dakika kumi na nne alikwenda polepole zaidi. Alitaka kubaki na moja nzuri ya K84, kwa ajili ya rekodi. Picha za mwanzo wa mfululizo zilikuwa za upana, kabla hajavuta: ndege mmoja mdogo katikati na anga nyingi pande zote. Picha kama hizo hazina kazi. Ni ngazi tu, mtu huzipanda kufika juu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe alipoona kwamba katika ukingo wa kulia kuna ndege wa pili, au tuseme robo tatu ya ndege: hana kichwa, hana bawa la kulia, ana kiwiliwili, mkia na miguu. Alikuwa kwenye umbali ule ule na K84, kwa hiyo ametoka vizuri kama yeye.

Mguuni alikuwa na nyekundu.

Tsung-pin aliikuza. Akaenda picha iliyofuata, akaikuza. Kwenye ya tatu ndege yule alikuwa ameingia ndani zaidi, kichwa kimeonekana, bado bawa moja limekatwa na ukingo. Kwenye ya nne hayupo. Ndipo alipokuwa ameanza kuvuta, na yule wa pembeni akatolewa nje. Zilikuwa picha tatu, na muda wake wote haukufika robo ya sekunde.

Alifungua orodha ya ndege wenye pete na kuutazama mguu wa kushoto: pete ndogo tatu, buluu, nyeupe, buluu. Alitazama orodha. Buluu, nyeupe, buluu. Aliinuka, akaenda kunywa maji, akarudi, akatazama upya kama mtu mwingine. Kisha akaita.

"Hsueh-o. Njoo usome hapa."

Mkewe alikuja na mwiko mkononi, akainama. "K tisini na nne." Akainama zaidi. "Mbona hana kichwa?"

"Kichwa kiko kwenye picha ya tatu."

"Ndiye?"

"Ndiye."

Hsueh-o alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kama mtu anayetuliza mnyama. "Mpigie simu."

"Kwa simu ni maneno matupu," alisema Tsung-pin. "Nitampelekea."

Aliipeleka ile ya tatu dukani ichapwe kwenye karatasi kubwa. Muuza duka alimuuliza kama ana hakika, kwa maana bawa limekatwa. Tsung-pin alisema anajua.

Jumatano asubuhi Liu-hsi alikuwa amepiga magoti kando ya pampu, mikono yake myeusi kwa grisi. Alipoiona bahasha alijifuta kwenye suruali, mbele na nyuma ya kila kiganja, akaitoa picha akiishika kwa ncha za vidole. Aliitazama muda mrefu.

"Amenenepa," Liu-hsi alisema.

"Ndiyo. Tazama kifua."

"Bawa lake lingine liko wapi?"

"Nimelikata. Ni kosa la upigaji."

"Lakini yeye analo?"

"Analo."

"Basi." Akaisogeza picha mbali kidogo na macho. "Hii ni jana?"

"Jana, saa moja na dakika kumi na nne. Alipita mita tano kutoka kwako, upande wa mkono wako wa kulia."

"Mita tano! Na mimi nimeng'ang'ania wavu, nimempa mgongo!" Alicheka, akajifuta jicho kwa mkono wa shati, na grisi ikabaki shavuni. "Mjinga yule. Angesema hata hodi."

Tsung-pin aliweka miguu pamoja na kuinama, na kusema maneno aliyokwisha kuyasema mara nyingi mno kwenye tuta lile. "Dada, asante kwa siku ile."

Kwa kawaida alijibiwa, siku ipi, au, ulikuwa mzito tu, makreti yangu mawili yalivunjika. Leo Liu-hsi alimtazama usoni, kama alivyomtazama asubuhi ile kuona kama mdomo umekaa sawa, akatikisa kichwa mara moja kukubali.

"Haya," alisema. "Nimepokea."

Aliirudisha picha ndani ya bahasha, akaitia bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akaupachika juu kwenye msumari wa kibanda, mahali ambapo maji hayafiki. Kisha akapiga magoti tena kando ya pampu. Tsung-pin alikwenda kwenye gari na kusimama hapo, kwa mazoea, mkono kwenye mlango. Kila mara, hapa ndipo mama yule alipoingia kibandani na kutoka amebeba kitu.

"Mwalimu, unangoja nini?" Liu-hsi aliuliza bila kugeuka. "Leo sikupi kitu. Nenda nyumbani."

Aliendesha polepole katikati ya mabwawa. Hsueh-o alikuwa mlangoni, taulo begani, macho yake yakienda moja kwa moja kwenye mikono ya mumewe, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kakupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Hata chaza?"

"Hata mmoja."

Hsueh-o akaichukua ile taulo begani, akampa afute tope la viatu.

"Na mimi nimeshinda asubuhi nzima," alisema, "natoa nafasi kwenye friji."